VPN inasema uko Amsterdam, simu inasema uko Mbagala

Umewasha VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine, umechagua Uholanzi, na alama ya ufunguo imetokea juu ya skrini. Unafungua tovuti ya kuangalia anwani ya IP, nayo inakuambia uko Amsterdam. Kisha unafungua programu ya kuita teksi, na kile kidoti cha buluu kimetulia palepale Mbagala Rangi Tatu, upande wa stendi, kama vile hukugusa chochote. Wengi wakifika hapa huamua kwamba VPN waliyopakua ni feki. Wanaifuta, wanatafuta nyingine, na ile ya pili inafanya yaleyale.

VPN imefanya kazi yake na simu imefanya yake. Tovuti imetazama data zako zimetokea mlango gani wa intaneti. Programu ya teksi imeiuliza simu iko wapi duniani. Siku za kawaida maswali hayo mawili hupata majibu yanayokaribiana, ndiyo maana tumezoea kuyachukulia kama swali moja. VPN inagusa lile la kwanza tu. Tuyafumue haya polepole, kwa sababu wapo watu wanaoitegemea VPN kwa mambo mazito, wakiamini inawaficha walipo ili wasidhuriwe, na wanaitegemea kwa kazi ambayo haikuundwa kuifanya.

Tovuti inajuaje ulipo bila kukuuliza

Ukifungua ukurasa wowote, simu yako lazima itume pamoja na ombi lake anwani ya kurudishia jibu. Bila anwani hiyo ukurasa hauna pa kwenda. Hiyo ndiyo anwani ya IP, na tovuti huipata bila kupiga hodi wala kuomba ruhusa yako.

Anwani yenyewe ni namba tupu, haina jina la mji ndani yake. Kinachoipa mahali ni kumbukumbu zilizoandikwa kuihusu. Dunia imegawanywa katika kanda tano za ugawaji wa anwani, na ya Afrika inasimamiwa na AFRINIC, yenye makao yake Ebène nchini Mauritius na iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. AFRINIC huyatoa mafungu ya anwani kwa kampuni za simu na watoa huduma wa intaneti, na kila fungu huandikwa kwenye rejista iliyo wazi kwa mtu yeyote: kampuni gani imepewa, ya nchi gani. Ukiona anwani inayoanza na 41, 102, 105 au 197, imetoka kwenye mafungu ya Afrika.

Juu ya rejista hiyo kuna kampuni zinazofanya biashara ya kukisia mahali, kama MaxMind, IP2Location na IPinfo. Zinachukua rejista, zinachanganya na vipimo vyao na taarifa nyingine wanazokusanya, kisha zinauza kanzidata inayosema anwani hii iko nchi hii, mkoa huu, mji huu. Tovuti unayoitembelea inatafuta namba yako humo, basi. Kwenye nchi, kanzidata hizi hupatia mara nyingi sana. Kwenye mji, usahihi unashuka, na kwa sisi tunaotumia bando la simu unashuka zaidi.

Mchukue mtu aliye Kigoma mjini. Data zake haziingii intaneti pale Kigoma. Husafiri ndani ya mtandao wa kampuni yake ya simu mpaka kwenye lango la kutokea, ambalo mara nyingi liko Dar es Salaam, na hapo ndipo hupata anwani itakayoonekana nje. Tena anwani hiyo hapewi peke yake. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na ziliisha zamani, kwa hiyo kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 kulitengwa hata fungu maalumu kwa mpango huo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukichungulia mipangilio ya simu yako ukaona namba ya namna hiyo, ujue uko nyuma ya anwani ya pamoja. Matokeo yake mtu wa Kigoma, wa Tunduma na wa Korogwe wanaweza kuonekana kwa anwani moja, wote wakitajwa kuwa Dar es Salaam, na hakuna hata mmoja aliyewasha VPN.

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha makisio haya yanaweza kumfikisha mtu wapi. Zipo anwani ambazo kanzidata haijui mji wake, inajua nchi tu. MaxMind ilipokutana na anwani za Marekani za aina hiyo, iliziwekea alama katikati ya nchi, na kwa kurahisisha namba ikachagua latitudo 38 kaskazini na longitudo 97 magharibi. Alama hiyo ikaangukia kwenye shamba moja karibu na mji mdogo wa Potwin, jimbo la Kansas. Kufikia mwaka 2016, kisa kilipoandikwa na mwandishi Kashmir Hill, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimeelekezwa kwenye nyumba hiyo. Kwa miaka mingi waliokuwa wakiishi pale walifuatwa na polisi wanaotafuta wezi wa mtandaoni, maofisa wa kodi, hata magari ya wagonjwa yaliyotumwa kumwokoa mtu aliyetishia kujiua. Hawakuwa wamefanya lolote. Baada ya kisa kujulikana, MaxMind iliihamisha alama hiyo kwenye ziwa lililo magharibi ya jiji la Wichita. Mtu yeyote anayekwambia kwamba kwa anwani ya IP peke yake anaweza kuonyesha nyumba yako, kumbuka shamba lile.

Hata hivyo, kampuni yako ya simu ni habari nyingine kabisa. Yenyewe inajua ni mteja gani alikuwa nyuma ya anwani ile saa ile, na inajua simu yake ilikuwa imeshika mnara upi. Kanzidata inakisia, kampuni ina rekodi. Tutalirudia hili.

VPN inabadilisha nini hasa

Programu ya VPN hukusanya kila kinachotoka kwenye simu yako, hukifunga kwa maandishi ya siri, na kukipeleka kwenye seva moja ya kampuni ya VPN. Seva inakifungua na kukituma mbele kwa anwani yake yenyewe. Ni sawa na kuandikia watu barua kwa kutumia S.L.P. ya binamu yako aliye Nairobi: wewe uko Singida, lakini kila anayekujibu anaandika Nairobi, na binamu ndiye anayekuletea bahasha. Mwandikiwa haoni Singida popote. Binamu, kwa upande wake, anajua kila unayewasiliana naye.

Kwa hiyo tovuti inayotegemea anwani ya IP peke yake inadanganyika kabisa. Inakuletea bei za euro, matangazo ya Kiholanzi na taarifa ya vidakuzi inayotakiwa na sheria za Ulaya. Hapo VPN inatimiza ilichoahidi.

Ila hata mahali inapokuonyesha si lazima pawe pa kweli. Baadhi ya kampuni za VPN huorodhesha nchi ambazo hazina mashine hata moja. Wanasajili anwani kwa jina la nchi hiyo kwenye rejista, kanzidata zinaamini, lakini seva yenyewe imekaa nchi nyingine. Baadhi yao husema wazi kwamba ni mahali pa kuigiza, wengine husema kwa maandishi madogo. Kwa anayetaka kuangalia mpira haina shida. Kwa anayechagua nchi kwa sababu ya sheria zake za faragha, ina shida kubwa, kwani data zake zinapita mahali asipopajua.

Simu ina njia zake

Turudi kwenye kidoti cha buluu. Simu hupata mahali ilipo kwa njia tatu kuu, na hakuna hata moja ambayo VPN inaweza kubadilisha jibu lake.

Ya kwanza ni GPS. Setelaiti zaidi ya 24 zinaizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Simu inasikiliza tu, haitumi kitu. Ikizisikia nne kwa pamoja inapiga hesabu ya tofauti za muda na kupata ilipo, na kwenye uwanja wa wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Mawimbi haya yanashuka kutoka angani hadi kwenye antena. Hayana habari na intaneti yako imepitia Amsterdam au imezimwa kabisa.

Ya pili ndiyo ninayoona watu wengi hawaijui, na ndiyo hatari zaidi mijini: Wi-Fi. Kila ruta ina namba yake ya kiwandani na huitangaza hewani muda wote. Simu inaisikia hata kama huna neno la siri na hujaunganishwa. Google na Apple wana kanzidata kubwa mno za namba hizi na mahali zilipo, zilizojengwa kwa miaka kutokana na mamilioni ya simu zilizokuwa na GPS karibu na ruta hizo. Ukiwa ndani ya jengo la Kariakoo ambako GPS haifiki, simu inasikia ruta ya duka la chini, ya ofisi ya juu na ya nyumba ya wageni ya jirani, inaituma orodha hiyo, na inajibiwa ulipo kwa usahihi wa makumi ya mita. Ombi lenyewe linaweza kupita ndani ya VPN bila tatizo lolote. Jibu haliangalii ombi limetoka anwani gani, linaangalia ruta zipi zinasikika. Ndiyo maana hata kompyuta ya mezani yenye Wi-Fi lakini isiyo na GPS wala laini inaweza kukutaja mtaa wako ukiwa na VPN. Mwenye ruta asiyetaka Google iitumie anaweza kumalizia jina la Wi-Fi yake kwa herufi _nomap.

Ya tatu ni minara ya simu. Kila mnara una utambulisho wake, na simu inajua imeshika upi. Usahihi ni wa mita mia kadhaa mjini na kilomita kadhaa kijijini, lakini upo saa zote.

Ulinzi wako hapa ni ruhusa, ile dirisha inayouliza kama programu iruhusiwe kujua mahali ulipo. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021 unaweza kuchagua mahali kwa makadirio badala ya mahali kamili, na programu ya hali ya hewa haihitaji zaidi ya hapo. Vivinjari navyo huuliza. Tovuti ikikutokea na ombi hilo ukabonyeza kukubali kwa haraka, umeipa latitudo na longitudo yako mkononi, na VPN iliyowashwa haikusaidii chochote kwa tovuti hiyo.

Ruhusa nazo zimewahi kurukwa. Mwaka 2016 kampuni ya matangazo InMobi, yenye makao Singapore, ilikubali kulipa dola 950,000 kumaliza shauri lake na Tume ya Biashara ya Marekani, FTC. Ilikuwa imewekwa ndani ya maelfu ya programu, na pale mtumiaji alipokataa kutoa mahali alipo, yenyewe ilisoma taarifa za Wi-Fi zilizo karibu na kupafahamu hivyohivyo. Waliokataa walikuwa wamekataa kweli, kwa kidole chao. Mwaka uliofuata gazeti la mtandaoni Quartz lilifichua kwamba simu za Android zilikuwa zikiituma Google utambulisho wa minara ya karibu hata mtumiaji akiwa amezima huduma ya mahali, na Google ikasema itaacha. VPN isingezuia lolote kati ya hayo mawili.

Na kuna picha. Kamera ikiwa imeruhusiwa kujua ulipo, huandika latitudo na longitudo ndani ya faili la picha. Desemba 2012 John McAfee, tajiri wa programu za kuzuia virusi, alikuwa amejificha baada ya kukimbia Belize. Jarida la Vice lilichapisha picha yake, na ndani ya faili kulikuwa na mahali ilipopigwa: Guatemala. Siri ikaishia hapo. WhatsApp huziondoa taarifa hizo unapotuma picha kwa njia ya kawaida. Ukiituma kama waraka, faili linakwenda zima na kila kilicho ndani yake.

Vidokezo vidogo vinavyosema kwa pamoja

Vipo vitu ambavyo havitaji mtaa wako lakini vinataja nchi. Laini ya simu hubeba ndani yake namba ya utambulisho wa nchi iliyoitoa, si ile ya kupigia: Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641. Kwenye Android programu inaweza kusoma nchi ya laini bila kuomba ruhusa yoyote. Ndiyo sababu kuna programu za video ambazo ukiwasha VPN ya Marekani zinaendelea kukuletea maudhui ya Dar. Ukitoa laini ndipo zinababaika.

Kivinjari nacho hutaja saa za eneo lako kwa jina la mji, Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam, kila tovuti inapouliza, na wewe huoni swali hilo likiulizwa. Hutaja lugha ulizochagua. Mtu anayeonekana Amsterdam saa nne usiku huku simu yake ikiwa saa sita usiku, na lugha ya kwanza ni Kiswahili cha Tanzania, amejieleza vya kutosha.

Akaunti ndiyo inayojua zaidi ya vyote. Google ilikuwa ikikumbuka hata ulikolala miaka mitatu nyuma kama uliwasha historia ya mahali, kabla ya kuanza kuihamishia kwenye simu yenyewe mwaka 2024. Duka la programu la simu yako linafuata nchi ya njia yako ya malipo, wala halijali VPN. Ukitaka kuona hili kwa macho yako, washa VPN, tafuta kitu chochote Google, kisha shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa matokeo. Google huandika hapo mji inaodhani upo na imeupata wapi: kutokana na anwani ya IP, kutoka kwenye kifaa chako, au kutokana na shughuli zako za nyuma. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, usishangae kuukuta mtaa wako wa nyumbani.

VPN mbovu pia huvuja. Yapo maombi ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba, yaani DNS, ambayo yanaweza kutoka nje ya VPN na kwenda kwa kampuni yako ya simu moja kwa moja. Zipo VPN zinazofunika anwani za IPv4 na kuziacha za mfumo mpya, IPv6, zikitembea uchi. Na tangu mwaka 2015 inajulikana kwamba WebRTC, teknolojia ya kupiga simu ndani ya kivinjari, inaweza kuitaja anwani yako halisi kwa tovuti inayojua kuiuliza. VPN nzuri zimeziba mianya hii. Za bure nyingi sina imani nazo.

Kujulikana kwamba unatumia VPN

Kuna watu wanaofikiri tovuti ikidanganyika kuhusu nchi, imedanganyika kuhusu yote. Seva za VPN hukaa kwenye vituo vya data, na mafungu ya anwani za vituo hivyo yanajulikana. Mtu wa kawaida wa Amsterdam anaingia mtandaoni kwa anwani ya kampuni ya intaneti ya majumbani. Wewe unaingia kwa anwani ya kampuni inayokodisha seva, na maelfu ya wengine wanatokea kwenye anwani hiyohiyo kwa wakati mmoja. Kampuni zilezile zinazouza kanzidata za mahali zinauza pia orodha za anwani za VPN. Hizo ndizo zinazokufanya uambiwe kila mara ubonyeze picha zenye taa za barabarani ili kuthibitisha wewe ni binadamu.

Umbali nao unasema. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Amsterdam ni kama kilomita 7,300 kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 73 hivi hata kwa njia iliyo bora kuliko zote, na nyaya za baharini hazipiti mstari mnyoofu. Seva iliyo Amsterdam ikiona mteja anayedai yuko mtaa wa pili anachelewa hivyo kila mara, ina sababu ya kutilia shaka.

Netflix ilifungua huduma kwa nchi 130 kwa mkupuo Januari 2016, Tanzania na Kenya zikiwemo, na mwezi huohuo ikatangaza kuwabana wanaotumia VPN kutazama filamu za nchi nyingine, kwa kuwa haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi. Hadi leo ni mbio za paka na panya. Kwa benki mambo huwa mazito zaidi: akaunti iliyotumika saa mbili asubuhi Mwanza na saa mbili na dakika kumi Frankfurt inafanana kabisa na akaunti iliyoibwa, na mfumo unaifunga kwanza, maelezo baadaye. Ukiwa na programu ya benki au ya pesa za simu, zima VPN kabla ya kuifungua. Mawasiliano ya programu hizo yamefungwa kwa siri tayari.

Afrika Mashariki na Ghuba

Kwetu watu wengi hawakuijua VPN kwa ajili ya filamu. Uganda ilipoanzisha kodi ya mitandao ya kijamii Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, wananchi waliipakua kwa wingi ili wasilipe. Kodi hiyo ilikuja kuondolewa mwaka 2021 na kuwekwa ya asilimia 12 juu ya data. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa Uganda na ikabaki imefungwa kwa miaka baada ya hapo. Tanzania mitandao ilibanwa kuelekea uchaguzi wa Oktoba 2020, na mtandao wa X ulifungwa Mei 2025.

Katika matumizi haya VPN haimdanganyi mwenye tovuti. Facebook haina tatizo na Mganda. Anayezuia ni kampuni ya simu ya hapohapo, iliyoagizwa isipitishe data zinazokwenda Facebook, na VPN inafanya kazi kwa sababu inamficha asione unakwenda wapi. Ni kweli na inafaa. Lakini hapa ndipo lile la rekodi linarudi: kampuni ya simu inaona kwamba unawasiliana na seva ya VPN, inajua laini imesajiliwa kwa jina na alama za vidole za nani, na inajua mnara ulioshika. VPN imeficha unachosoma. Ulipo, kwa kampuni ya simu, hapajafichwa hata kwa nukta moja. Na mtandao ukizimwa kabisa, VPN haina pa kupita.

Sheria nazo zifahamike. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa kwake, pamoja na anwani za IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, ikitaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi na ambako simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa, sheria namba 34 ya mwaka 2021 inaweka faini ya dirhamu 500,000 hadi milioni 2 kwa anayeficha anwani yake ya IP ili kutenda kosa au kuzuia lisigundulike. VPN yenyewe inatumiwa na makampuni huko kila siku. Kinachoangaliwa ni kazi uliyoifanyia, na dada anayetaka tu kumsikia mama yake Tanga anastahili kulijua hilo kabla hajapakua chochote.

Ukitaka kujificha, anza na nani

Jiulize unamficha nani ulipo. Ikiwa ni tovuti tu, VPN yenye sifa nzuri inatosha, ilimradi umekataa ombi la mahali kwenye kivinjari na hujaingia kwenye akaunti inayokujua. Ikiwa ni programu, nenda kwenye mipangilio ya simu, fungua orodha ya programu zilizoruhusiwa kujua mahali, na uinyang'anye kila ambayo haina sababu. Tochi, mchezo na kikokotoo hazina sababu. Ikiwa ni mume au mpenzi anayekufuatilia, VPN ni ya mwisho kabisa kwenye orodha: angalia kwanza kama mlishirikishana mahali kwenye Google Maps au WhatsApp, kama anajua neno la siri la akaunti yako, na kama kuna programu usiyoitambua kwenye simu. Ikiwa ni serikali, simu iliyowashwa yenye laini yako ndani inatosha kukutaja.

Kisha itazame VPN yenyewe. Umeichukua kampuni moja ukaipa nafasi ya kuona anwani yako halisi na kila tovuti unayoiendea. Ya bure inalipwa na nani? Kabla ya kuipakua soma inaomba ruhusa zipi. Kwa kazi yake ya msingi VPN haihitaji kujua mahali ulipo. Baadhi huomba ruhusa hiyo kwenye Android ili zisome jina la Wi-Fi na kujiwasha zenyewe ukiunganisha mtandao wa hotelini au mgahawani, na hiyo ni sababu halali, ingawa unaweza kuikataa na ukawasha kwa mkono. Ikiomba bila kueleza kwa nini, ifute.